Mwalimu Yunis Aliyefungua Kitabu cha Kiapo

Wazee wetu shikamooni, mchungaji na watumishi wote Bwana Yesu asifiwe, ndugu zetu Waislamu asalaam aleikum, na nyie watoto mliokaa juu ya ukuta, hamjambo. Maneno haya yamesemwa na Bibi Mariamu, mama mkwe wa marehemu, ambaye kalamu hajawahi kuishika, yameandikwa na mjukuu wake Loveness pale jikoni kwa siku mbili, na yanasomwa na Nathanaeli, mtoto wa kwanza wa marehemu, na bibi ameagiza yasomwe yote, lisirukwe neno hata moja, hata kama msomaji mwenyewe atatamani kuruka, na mvua ikija tuingie chini ya turubai tungoje ipite, kisha tuendelee.

Marehemu Mwalimu Yunis alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1960, kule Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa mlima, ambako mtu akidondosha kikombe anakwenda kukiokota chini tambarare, kule Mkomazi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Yeremia, mgonga kengele wa kanisa, na mama Damari, na wote wawili wametangulia. Alibatizwa mwezi wa nane mwaka huohuo, na alipotimiza miaka minane akaanza shule ya msingi palepale Mtae, mwaka 1968, akamaliza darasa la saba mwaka 1974, akiwa wa kwanza kwa wasichana na wa pili kwa wote, ila nafasi ya sekondari haikumfikia, akarudi nyumbani kulima viazi na baba yake.

Sasa huyo baba yake alikuwa hajui kusoma, na kila Jumamosi alimwita binti yake amsomee somo la kesho, Yunis anasoma, mzee ananoa jembe, na akimaliza mzee anamuuliza, "Na kesho mchungaji akisema tofauti?" na binti anajibu, "Tutamwonyesha, baba." Watu wengi wanadhani marehemu alianza theolojia chuoni, lakini wa Mtae wanajua ilianzia hapo uani kwa baba yake, pamoja na jembe.

Mwezi wa kwanza mwaka 1980 alipelekwa chuo cha Biblia, akakaa huko miaka miwili. Kazi yake ya kwanza aliyoandika ilihusu malaika, kurasa sita, mwandiko wa kuvutia, malaika wana mabawa mangapi, wanakula nini, wanaimba sauti ya ngapi, na mwalimu wake akairudisha haina alama yoyote, ila chini ameandika kwa wino mwekundu, "Imeandikwa wapi?" Yunis alilia siku nzima, halafu akakaa chini akatafuta, na katika kurasa sita ikabaki nusu ukurasa. Tangu siku hiyo hakusema jambo la Mungu bila kuonyesha mahali, na kabla ya kuonyesha mahali alitaka ajue nani alisema, alimwambia nani, na kabla ya hapo walikuwa wanaongea nini, kwa sababu, kama alivyozoea kusema, ukichukua neno katikati ya mazungumzo ya watu unaweza kumsingizia hata Mtume Paulo.

Mwezi wa kwanza mwaka 1982 alianza kazi ya kufundisha Biblia katika usharika wetu hapa Mgwashi, akaifanya miaka thelathini na minane, mpaka alipostaafu mwezi wa sita mwaka 2020, na hata baada ya kustaafu aliendelea, ila sasa wanafunzi ndio walimfuata. Alifundisha Kipaimara, alifundisha akina mama siku ya Jumatano, alifundisha wazee wa kanisa ambao hawakupenda kufundishwa na mwanamke lakini walipenda chai yake. Darasani kwake mtoto hakuruhusiwa kusema "Mwalimu amesema", alitakiwa afungue mwenyewe, aweke kidole, asome. Wanafunzi walimwita Mwalimu Wapi, yeye anasikia, anacheka.

Wengi wenu mnakumbuka yule mhubiri mgeni aliyekuja na spika kubwa, akahubiri kwa nguvu kwamba mji wa mbinguni una milango saba, na kila mlango una siri yake, na watoto wa Kipaimara, ambao Mwalimu Yunis aliwakalisha mstari wa mbele na Biblia zao, wakafungua Ufunuo, wakahesabu, wakahesabu tena, mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mchungaji, humu iko kumi na miwili, umetufungia mitano." Kanisa lilicheka mpaka kengele ikagongwa kutuliza watu.

Lakini mjue pia kwamba rula hiyo alijipimia na yeye. Miaka sita alifundisha watoto igizo la Krismasi lenye mamajusi watatu, na kila mmoja na jina lake, mpaka mwaka 1988 alipokuwa anaandaa somo akaona hakuna mahali imeandikwa walikuwa watatu, wala majina yao hayapo, zawadi ndizo tatu. Angeweza kunyamaza, nani angejua, lakini Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya usharika mzima, ana mimba ya Shukrani ya miezi minane, akasema, "Nimewafundisha watoto wenu kitu nisichokisoma, nimekosea, naomba mnisamehe," akarudi kukaa. Watu waliona ni jambo dogo la kuchekesha. Mama mkwe wake, Bibi Mariamu, aliyekuwa amekaa benchi la tatu upande wa wanawake, hakucheka, aliinamisha kichwa akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Heri, mtoto wa Mzee Zakaria Shekiondo na Bibi Mariamu, siku ya Jumamosi tarehe 17 Septemba 1983, hapahapa Mgwashi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nathanaeli aliyezaliwa 1985, Shukrani aliyezaliwa 1988 na Loveness aliyezaliwa 1993, na wajukuu watano. Mkamwana huyu aliingia nyumba hii akiwa na ndoo, mkeka, na sanduku la vitabu zito kiasi kwamba waliombebea walidhani ni mawe ya kinu, na mama mkwe wake alisema kwa sauti, makusudi asikike, "Huyu atatupikia karatasi," na jioni ile Yunis alipika maharage na ugali ambao mama mkwe mwenyewe aliongeza mara mbili bila kusema asante.

Sasa inabidi tuseme la ukoo, maana historia ya Mwalimu Yunis haiwezi kusomwa bila hilo, na anayeona aibu na avumilie.

Ukoo wa Shekiondo ulikuwa na kitabu. Kilikuwa cheusi, kinene, maandishi ya dhahabu mgongoni, na babu wa ukoo alikipata kwa Mjerumani mmoja mwenye shamba, wakati ule wa vita Wajerumani wanaondoka, na babu alipokufa kikafungwa kwa kitambaa cheupe, kikashonwa pande zote kwa sindano ya gunia, kikawekwa sandukuni kwa mkubwa wa ukoo. Sote tulikijua kuwa ni Biblia ya babu. Kazi yake ilikuwa moja tu, watu wakigombana na ukweli haujulikani, kitabu kinatolewa, kinawekwa juu ya kigoda uani, anayetuhumiwa anaweka mkono anaapa, kisha watu wanangoja miezi kumi na miwili, na akipatwa na baya ndani ya miezi hiyo, basi kitabu kimesema.

Mwaka 1978 kulikuwa na ugomvi wa bonde. Hawa, dada yake Mzee Zakaria, wifi yake Bibi Mariamu, alikuwa ameolewa Bungu na mtu mwema aitwaye Salimu, mumewe akafariki, akarudi kwao na binti yake mdogo Asha, na baba yao kabla hajafa akamkatia kipande kule chini kijitoni, kipande chenye maji hata mwezi wa kwanza. Asubuhi moja masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yakakutwa yameng'olewa na mpaka umesogea, na Bibi Mariamu akasema, mbele ya wazee wote, kwamba amemwona Hawa kwa macho yake akiyang'oa. Hawa akakataa. Jumapili ya tarehe 12 Novemba 1978, baada ya ibada, kitabu kikatolewa, Hawa akaweka mkono akasema, "Kama nimeng'oa masale, kitabu hiki kinile mimi na changu." Tarehe 3 Juni 1979 mtoto Asha, mwenye miaka sita, akafa kwa surua.

Hakuna aliyempa Hawa pole. Waliambiana kitabu kimesema, na yeye mwenyewe akaambiwa usoni kwamba amemuua mtoto wake kwa ulimi wake, na mwezi wa nane akafungasha akarudi Bungu kwa ndugu wa marehemu mumewe, na jina lake likawa halitajwi katika nyumba hii, na bonde lile likapandwa kabichi za Bibi Mariamu.

Yunis alipoolewa hakuambiwa lolote. Mwaka 1984 alikuwa anapalilia maharage chini ya migomba, akakuta mawe matano madogo yamepangwa, akasimama akamuuliza mama mkwe wake, "Mama, hapa amelala nani?" na mama mkwe akamjibu, "Palilia maharage, mkwe." Akapalilia. Lakini alizunguka mawe yale asiyaguse, na jioni akaenda kwa jirani yetu Shamsa, mke wa Abubakari, akaomba chumvi ambayo hakuihitaji, akarudi amejua yote.

Kuanzia hapo, na hili ndilo tunataka watu wa elimu walisikie, hakwenda kupiga kelele, alikwenda kusoma. Alisoma miaka mingi. Alitaka ajue kama imeandikwa kwamba Mungu anachukua mtoto kulipia ulimi wa mama yake, na akikuta mahali panaposema hivi hakuacha kutafuta mahali panaposema vile, akaviweka pamoja, akafika kwa nabii Ezekieli, sura ya kumi na nane, ambako watu walikuwa na msemo wao wa kuwabebesha watoto makosa ya wazazi, na Mungu akawakataza wasiuseme tena, kila mtu na lake. Akaanza masomo ya theolojia kwa njia ya posta mwaka 2004, akiwa na miaka arobaini na minne, taa ya chemli mezani, Loveness ana darasa la tano wanagombania meza, akapata stashahada yake mwezi wa kumi na moja mwaka 2007, na andiko lake la mwisho, kurasa arobaini na moja, lilihusu kiapo.

Alipomaliza ndipo akamwendea Baba Mkubwa Kornelio, mkubwa wa ukoo na mtunza sanduku, Jumapili nne mfululizo, baada ya chakula cha mchana, na Biblia yake kwapani. Mzee Kornelio alimpenda kwa kuwa alikuwa anamjibu kwa heshima, na alimchukia kwa sababu hiyohiyo. Yunis alimuuliza, "Baba, mwaka ule surua iliua watoto kumi na mmoja hapa kijijini, wale kumi wengine mama zao waliapa nini?" Mzee akasema, "Mkamwana, wewe umekuja na ndoo na mkeka, kitabu umekikuta." Yunis akasema, "Ndiyo, baba, nimekikuta, sasa naomba tukisome." Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa akaange mbegu, akasema, "Kitabu hiki hakisomwi, kinaapiwa."

Mwalimu Yunis alisema baadaye kwamba maneno yale yalimkalia kifuani, kwa kuwa hayakuwa ya Mzee Kornelio peke yake, kuna makanisa mazima yana Biblia ya namna hiyo.

Mzee alikubali mwishowe, na alikubali kwa uhakika aliokuwa nao, akasema, "Fungueni, mtaona." Siku ya Alhamisi tarehe 27 Desemba 2007, ukoo umekusanyika kwa Krismasi, wa Dar wapo, wa Tanga wapo, sanduku likaletwa uani, kitambaa kikakatwa kwa wembe, akafungua Mzee Kornelio mwenyewe kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa maandishi ya Kijerumani. Akafunua katikati. Palikuwa na picha ya ng'ombe amepasuliwa ubavu, utumbo wote uko nje, na kila kipande kina namba. Akafunua tena, meno ya farasi. Akafunua tena, mtu ameshika pembe za ng'ombe na mwenzake anamnywesha dawa kwa chupa. Uani palikuwa na watu zaidi ya hamsini.

Mzee Kornelio akasema taratibu, "Labda ni Agano la Kale, mle mna sadaka nyingi za ng'ombe." Yunis akamwambia, kwa upole, "Baba, hata Walawi hawakumpa ng'ombe dawa kwa chupa." Hapo kijana mmoja wa Dar akaangua kicheko, mwingine akamfuata, na Mzee Kornelio, Mungu amlaze pema, naye akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Tate wee, mgosi, miaka yote hii tunaapa kwa bwana mifugo!" Wote walicheka, isipokuwa wawili. Yunis hakucheka, na Bibi Mariamu hakucheka, maana yeye hajui kusoma lakini ng'ombe anamjua, na alielewa alichokiona kabla ya wasomi.

Kicheko kilipotulia Yunis akasema lile alilolijia. Alisema kugundua ni kitabu cha ng'ombe si neno kubwa, tungekuta ni Biblia kweli ingekuwa vibaya zaidi, kwa sababu ndani ya Biblia, Mathayo sura ya tano, Bwana anatukataza tusiape hata kidogo, ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, kwa hiyo tungekuwa tunaapa juu ya kitabu kinachosema tusiape, na kama tungekifungua mwaka 1978 Hawa angekuwa hapa. Kisha akaomba ukoo umfuate Hawa. Na hapo wanaume waliokuwa wanacheka wakaangalia viatu vyao, mmoja akasema kitabu sawa kimekosea, lakini kuna shahidi aliyeona kwa macho, na wote wakajua ni nani, na Bibi Mariamu akainuka akaenda kuangalia chungu.

Basi akaenda Yunis peke yake. Tarehe 5 Januari 2008 alifika Bungu, nusu ya njia kwa lori la mbao na nusu kwa miguu, akamkuta Shangazi Hawa anachambua majani ya maboga, akamwamkia, akajitambulisha, akamweleza habari ya kitabu. Hawa akacheka kwanza, akasema, "Kwa hiyo nimelaaniwa na ng'ombe wa Kijerumani?" halafu kicheko kikageuka, akalia sana, akisema miaka ishirini na minane hakuomba, kwa sababu alijua hakuapa uongo, na kama Mungu amemuua mtoto wa mtu aliyesema kweli, wa kumwomba ni nani. Yunis akafungua Ezekieli akamsomea sura nzima, hakuongeza la kwake. Hawa akamwambia asome tena. Aliposoma mara ya pili Hawa akafuta uso, akasema, "Mwanangu, wewe umeshanipa changu. Lakini pale Mgwashi sitakanyaga mpaka yule aliyesema ameniona aseme vingine, aseme mbele za watu, kama alivyosema mbele za watu."

Yunis alirudi na ujumbe huo, akampa mama mkwe wake peke yao wawili, hakumwambia mtu wa tatu, hata mumewe. Bibi Mariamu akasema, "Mkwe, hayo mambo yameshaota majani." Yunis akamuuliza mara moja tu, "Mama, ulimwona?" Bibi Mariamu akajibu, "Mlima huu una ukungu, mtu anaona anachoona." Hakumuuliza tena. Ila kila mwaka, mwezi wa kwanza, alikwenda Bungu, na kila akirudi alipiga goti jikoni akasema, "Mama, shangazi anakusalimu," na mama mkwe anajibu, "Nimepokea." Mara kumi na saba. Hakuna hubiri lolote la kanisa hili lililomchosha Bibi Mariamu kama hizo salamu.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi wa tatu mwaka 2024, kwa maumivu ya tumbo na kupungua mwili, akatibiwa hospitali ya wilaya, akapelekwa hospitali ya rufaa, ikaonekana ni saratani ya kongosho, akafanyiwa upasuaji tarehe 22 Julai 2024, akapata nafuu ya kutosha hata akamalizia darasa la Kipaimara la mwaka ule akiwa amekaa kwenye kiti, na mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2025 akaenda Bungu nyuma ya bodaboda, daktari amekataza, mume amekataza. Mwezi wa nane hali ikabadilika, akaomba arudishwe nyumbani.

Katika siku hizo mama mkwe ndiye aliyemuuguza, alimwogesha, alimlisha uji, na asubuhi moja akiwa anamkanda miguu akamuuliza, "Mkwe, imeandikwa wapi kwamba mtu wa miaka themanini na kitu anaweza kusema alikosea, na asiaibike?" Angeweza kujibiwa maneno matamu, maana mgonjwa alikuwa amechoka, na kumfurahisha bibi kizee si dhambi. Lakini marehemu alifikiri, kama kawaida yake, akasema, "Haijaandikwa kwamba hataaibika, mama. Imeandikwa kwamba atasamehewa." Akamwomba Loveness afungue amsomee bibi yake mahali, ili bibi asije kusema ni maneno ya mkwe.

Mwalimu Yunis alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe Heri ameshika mkono wake, akiwa na miaka sitini na mitano, miezi minne kasoro siku moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, waliosema ukweli mapema na hawakutufichaficha, inawashukuru wachungaji na walimu wenzake waliogawana vipindi vyake bila kulalamika, inawashukuru akina mama wa Jumatano waliolima shamba lake la viazi msimu mzima, vijana wa bodaboda waliokataa nauli ya hospitali, wanafunzi wake waliotoka mbali kiasi cha kulala njiani, na jirani zetu Waislamu, Abubakari na Shamsa na watoto wao, waliofunga maturubai na kuwasha majiko hata kabla sisi hatujafuta machozi. Mungu awalipe ninyi nyote.

Limebaki moja. Mnaona spika ile moja imegeuzwa kutazama juu, kwenye nyumba ya Abubakari. Haikukosewa. Hawa yupo pale barazani tangu jana, amekuja kumzika Yunis, na amesema atamzikia palepale, hatavuka kitalu cha chai kilicho katikati yetu kuingia uwanja huu, na ana haki.

Basi sikia, Hawa, wifi wa Mariamu, binti wa nyumba hii. Mariamu hakukuona. Asubuhi ile alikuwa jikoni anakoka moto, bondeni hakuwapo, aliyakuta masale yameng'olewa kama walivyoyakuta wengine wote, na nani aliyang'oa, mtu au maji ya mvua ya wiki ile, mpaka leo hajui. Alisema amekuona kwa kuwa alilitaka bonde lenye maji. Kisha mtoto wako alipokufa kwa surua, akawaacha watu wakuambie umemuua kwa uongo, na mwongo alikuwa yeye. Analisema mbele za watu kama alivyolisema lile mbele za watu, na amesimama mwenyewe hapa kando ya msomaji, mwoneni, hajajificha nyuma ya karatasi. Bonde ni lako, kabichi zote zimeng'olewa juzi. Mawe matano ya Asha yako pale pale, Yunis aliyapalilia miaka arobaini na moja. Mariamu anaomba umsamehe, na usipoweza leo hatakwenda kukushtaki kwa mtu yeyote.

Kwa desturi yetu udongo wa kwanza ni wa shangazi. Kaburi liko tayari, wenye majembe wamekaa chini, mchungaji amekubali kungoja, na hakuna mkono mwingine utakaotangulia wako. Teremka taratibu, njia inateleza, Heri anapanda kukushika mkono.

Na wewe mkamwana Yunis, mwalimu wetu, tumesoma yote, hatukuruka neno. Pumzika sasa, amani ya Mungu ikulaze.